Samaki Wametaga Kwenye Tangi la Mchanganyiko: Anza na Wale Ambao Hawakutaga

Mara nyingi dalili ya kwanza siyo mayai. Unaamka asubuhi, unakuta gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wenye mikia mirefu, wote wamejibana kona moja juu kabisa ya maji, kama abiria wa daladala walioambiwa wasogee nyuma. Huku chini nusu nzima ya tangi ni tupu. Waliobaki huko ni samaki wawili wenye mistari, wanaokwenda na kurudi mbele ya jiwe moja kama walinzi wa getini.

Kwangu halikuwa jiwe, kilikuwa kifuu cha nazi. Nilikuwa na tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 sebuleni, Dar es Salaam, lenye gapi madume 10, vikambare wa chini 4, na yule samaki mweusi anayenyonya kioo. Nikaongeza samaki wawili wadogo wa kijivu wenye mistari myeusi. Hao huitwa konvikti, maana yake mfungwa, kwa jinsi mistari yao inavyofanana na sare za wafungwa za zamani. Muuzaji alinihakikishia: "Hao wote majike, dada. Hawana fujo." Miezi miwili haijaisha nikawa na vifaranga zaidi ya mia, na vikambare wawili walionyofolewa macho.

Mfungwa ana asili ya Amerika ya Kati, lakini ukoo wake tunaujua vizuri huku. Ni sikilidi, ukoo uleule wa sato na perege tunaowakaanga, wa furu wa Ziwa Victoria, na wa wale samaki wa rangi wanaovuliwa Kigoma na Bujumbura kwa ajili ya matangi ya watu wa Ulaya na Marekani. Karibu wote wana tabia moja: hawatagi wakaondoka. Wanalea. Na mzazi anayelea ndani ya sanduku la kioo lenye wapangaji wengine humwona kila jirani kuwa mwizi wa watoto. Mara nyingi hajakosea.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na namna ya kuokoa vifaranga. Wazazi watawalinda kuliko unavyoweza wewe. Walio hatarini usiku wa leo ni wale wengine.

Hatua ya 1: Jua ni nani aliyetaga

Usiingize mkono kwanza. Zima taa za sebuleni, washa ya tangi, kaa kimya dakika kumi uangalie.

Kama ni wafungwa, mdogo kati ya wawili ndiye jike, na tumboni ana madoa ya rangi ya chungwa au njano. Watu wengi hukosea hapa kwa kuwa tumezoea dume ndiye mwenye rangi. Dume wa mfungwa ni mkubwa zaidi, mapezi yake ya juu na ya chini yana ncha ndefu, na akizeeka huota nundu kwenye paji la uso. Mayai yao hugandishwa moja moja kwenye kitu kigumu: ndani ya kifuu, ukutani mwa chungu, chini ya jiwe. Yana rangi ya kahawia hafifu. Yaliyogeuka meupe kama maziwa yamekufa au hayakurutubishwa, na kesho yake utayaona yameota ukungu.

Kama walio kwenye tangi lako ni wale bapa wenye mapezi marefu kama tanga, wanaoitwa malaika, nao pia ni sikilidi, ingawa wengi huwanunua bila kujua. Hutaga wazi, juu ya jani pana au hata kwenye bomba la filta. Wazazi wanaotaga mara ya kwanza mara nyingi huyala mayai yao wenyewe. Usiwahukumu, watataga tena.

Kama ni wale wa njano wa Ziwa Nyasa, hutaona mayai popote. Utaona jike ameacha kula, kidevu kimevimba, na mdomo unacheza kama anayetafuna bigijii. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo wiki tatu mpaka nne. Huyo mwache kabisa. Ukimkimbiza na wavu atayatema mayai au kuyameza, na kazi yote imepotea.

Wenye wale wa Ziwa Tanganyika wenye mkia uliopinda kama mwezi mchanga watakuta jambo la ajabu zaidi: watoto wa uzao uliotangulia hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao. Ni zuri kulitazama, ila lina maana kwamba adui wa wapangaji wengine siyo wawili tena, ni ukoo mzima.

Kuanzia hapa nawafuata wafungwa. Kwa malaika kanuni ni zilezile, vurugu ndiyo ndogo.

Hatua ya 2: Waokoe wengine leo leo

Maji yakiwa nyuzi 26 hadi 28, mayai ya mfungwa huanguliwa kwa siku 3 hivi. Ukali wa wazazi huongezeka mayai yakianguliwa, na huwa mbaya zaidi vifaranga wanapoanza kuogelea, siku nyingine nne au tano baadaye. Kwa hiyo siku ulipoyaona mayai unafikiri hali ni ya kuvumilika, na kweli ni ya kuvumilika. Kwa siku mbili hizo tu.

Wanaoumia kwanza ni vikambare wa chini. Samaki anayeogelea katikati ya maji akifukuzwa mara mbili anajifunza mpaka. Kikambare hajifunzi, anapita chini akinusa kokoto, na pua yake inampeleka palepale kwenye mayai, hasa usiku. Anayenyonya kioo naye ni mla mayai wa usiku. Gapi hawali mayai yaliyofichwa kwenye kifuu, lakini mikia yao mirefu inararuliwa, na kifaranga akipanda juu peke yake wanammeza bila kusita.

Una njia mbili: kugawa tangi, au kuhamisha watu.

Kugawa ndiko ninakokupendekezea kama tangi lako lina urefu wa sentimita 80 na kuendelea. Tafuta wavu mgumu wa plastiki wenye matundu madogo, ukate sawasawa na upana na kimo cha tangi, uubane kwa vipande vya bomba la plastiki vilivyopasuliwa kwa urefu na kusimamishwa kwenye pembe. Usitumie wavu wa chuma uliopakwa zinki, hata kama fundi atakuambia hauna neno. Zinki ni sumu kwa samaki. Chini chimba kokoto mpaka wavu uguse kioo, la sivyo wazazi wenyewe watafukua njia. Wafungwa ni wachimbaji hodari. Wape theluthi moja ya tangi, upande ule kilipo kifuu, na hakikisha maji yanayotoka kwenye filta yanapita pande zote mbili.

Kwa nini wavu na siyo kioo au ubao mweusi? Hili nililipata kwa hasara. Mara ya kwanza niliwatenga wawili hao kabisa, nikaziba kwa kipande cha plastiki kisichoonyesha upande wa pili. Siku ya pili dume alikuwa ananing'inia kwenye kona, magamba yametoka ubavuni. Wazazi hawa umoja wao unategemea kuwa na adui wa pamoja. Ukimwondoa adui, hasira inarudi ndani ya nyumba. Wakiwaona gapi ng'ambo ya wavu, wanaendelea kuwatishia gapi na kupendana.

Tangi likiwa dogo, hamisha wengine. Chukua beseni kubwa au ndoo ya lita 20 kwa samaki wachache, ijaze kwa maji ya tangi lenyewe siyo maji mapya, weka pampu ya hewa na kipande cha sponji kilichotolewa kwenye filta inayofanya kazi, kwa sababu humo ndimo wamo bakteria wanaokula amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Funika kwa chandarua. Samaki aliyehamishwa huruka usiku wa kwanza.

Usihamishe wazazi pamoja na mayai isipokuwa umekosa njia nyingine zote. Wakishtuka wanayala.

Hatua ya 3: Amua kabla hawajaogelea

Una kama wiki moja tangu mayai yaonekane. Baada ya hapo vifaranga wametawanyika, na uamuzi umeshafanywa na wao.

Swali ni moja tu: nani atawachukua? Uzao mmoja wa wazazi vijana unaweza kuwa na vifaranga mia, na wazazi wakubwa hutoa zaidi. Ukiwaondoa vifaranga, wazazi hutaga tena ndani ya wiki chache, na vifaranga hao wenyewe huanza kutaga wakiwa na miezi michache tu, wakati bado ni wafupi kuliko kidole chako. Maduka ya samaki wa mapambo huwachukua wachache kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila mwenye wafungwa amekwishawapelekea. Na kuna atakayekuuliza, "Si ukaange?" Mfungwa dume mkubwa hupata sentimita 10 na kidogo. Ni miiba mitupu.

Ukiona huna pa kuwapeleka, toa kifuu chenye mayai kabla ya siku ya 3, uyasugue chini ya bomba, ukirudishe au usikirudishe. Sioni aibu kusema kwamba mara nyingi huo ndio uamuzi sahihi. Ni mayai. Njia nyingine ni kutofanya chochote: ondoa wavu baada ya wiki mbili, na wakazi wengine watapunguza idadi wenyewe mpaka wabaki watatu wanne, lakini hapo umerudi kwenye vita vya hatua ya 2.

Ukishachelewa na una vifaranga wasio na pa kwenda, mafuta ya karafuu hufanya kazi kwa upole. Ndiyo, karafuu hizi hizi za Unguja na Pemba. Mafuta yake hutumika kulaza samaki usingizi. Pima lita 1 ya maji ya tangi kwenye chombo kingine, ambacho hakitarudi jikoni. Tia nusu mililita ya mafuta kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu, itikise mpaka yawe meupe, kisha yamimine humo. Weka vifaranga, uwaache nusu saa baada ya matamvua kuacha kucheza. Usiwamwage chooni wakiwa hai.

Hatua ya 4: Ukiamua kulea

Siku za kwanza baada ya kuanguliwa utadhani wameliwa. Kifuu ni kitupu. Tafuta kwenye kokoto: wazazi wamechimba vishimo na kuwahamishia humo kwa mdomo, donge la vitu vyenye mkia vinavyotetemeka pamoja. Wana mfuko wa kiini tumboni, ndicho chakula chao. Usiwalishe. Chakula chochote utakachotia sasa kinaoza tu.

Wakiinuka na kuogelea kama wingu dogo, anza. Vifaranga wa mfungwa wana midomo mikubwa kiasi cha kula chakula cha kawaida kilichosagwa kati ya vidole mpaka kuwa unga. Kidogo sana, mara tatu au nne kwa siku. Kikoroge na maji kwenye kikombe, ukivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukipulize karibu na wingu lao, la sivyo wazazi watakimaliza. Ingawa nao husaidia: utamwona jike akitafuna kipande na kukitema katikati ya watoto, au akipiga mapezi chini kufukua takataka ili wale. Dagaa wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga, wakaanikwa tena na kutwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa, wanafaa kama nyongeza mara moja kwa siku. Kiini cha yai la kuchemsha husifiwa sana, mimi nimekiacha. Punje ya ziada kidogo tu na maji yananuka jioni.

Anayetaka wakue haraka aangue atemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi jamii ya kamba. Kata chupa ya soda ya lita moja na nusu chini, uigeuze mdomo chini ukiwa umefungwa vizuri, tia lita 1 ya maji na gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai ya atemia, na mpira wa pampu ya hewa ufike mpaka chini. Kwa joto la Dar ndani ya saa 24 mpaka 36 watakuwa wameanguliwa. Zima hewa dakika kumi: maganda yataelea, walio hai watakaa chini wakifuata mwanga wa tochi. Wavute kwa mpira mwembamba, uwachuje kwenye kitambaa, uwasuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Sasa maji, na hapa ndipo vifaranga wengi wanapofia. Tangi langu kwa hesabu ni lita 144, ila ukitoa kokoto, mawe na nafasi ya juu yanabaki kama 120. Vifaranga mia wanaolishwa mara nne kwa siku wanachafua maji hayo kuliko wakazi wote wa awali. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Hiyo dawa ni salama zaidi, kwa kuwa kuna maji yanayotiwa kloramini, ambayo haitoki kwa kusubiri. Maji ya kisima yenye chumvichumvi kidogo wafungwa huyavumilia. Vuta uchafu kwa mpira wa dripu badala ya mpira mnene, na mwisho wake uwe kwenye ndoo, siyo kwenye shimo la maji machafu. Utavuta vifaranga. Kila mtu huwavuta. Wakiwa kwenye ndoo unawarudisha.

Mdomo wa filta ufunge kwa kipande cha soksi ya nailoni na mpira wa kufungia pesa, ukioshe kila siku mbili kwa maji ya tangi. Nilisahau usiku mmoja, asubuhi nikawakuta kumi na kitu ndani ya sponji, baadhi yao bado hai na wamenenepa.

Umeme ukikatika, acha kulisha mara moja. Samaki hatakufa kwa njaa ya siku mbili, atakufa kwa kukosa hewa. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Pampu ndogo ya betri inakupunguzia kazi hiyo na haigharimu sana. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiiwashe filta ya boksi kabla ya kumwaga maji yaliyolala ndani. Yameoza, na yakiingia kwenye tangi yote kwa pamoja utapoteza wadogo wote kwa mkupuo.

Hita kwa Dar, Tanga au Mombasa huhitaji. Arusha, Mbeya na Nairobi utaihitaji, hasa kati ya Juni na Agosti.

Hatua ya 5: Watenge kwa wakati

Wazazi hulea wiki nne mpaka sita. Dalili ya kwamba wamechoka ni jike kurudi kusugua ukuta wa kifuu huku akiwafukuza watoto wa jana. Anasafisha pa kutaga tena. Usisubiri siku ya mayai mapya. Watoe wadogo kwa kikombe, siyo wavu, jioni wakiwa wamekusanyika.

Wakifika sentimita 2 hadi 3 wanaweza kugawiwa. Mpe mtu samaki ukimweleza ukweli: wanauma, wanachimba, wanazaa. Na usimpe wawili bila kumweleza habari ya tumbo la chungwa.

Hatua ya 6: Usiwapeleke mtoni

Hata Msimbazi, hata bwawa la jirani, hata kama unaona huruma. Wafungwa wameshajizatiti porini Australia, mbali kabisa na kwao, kwa mtindo huu huu. Na sisi hatuhitaji mfano wa Australia. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na furu wa aina nyingi hawakuonekana tena. Sato mwenyewe, tunayemwona mwenyeji, ni mgeni ziwani humo, aliletwa wakati huohuo. Ngege, jamaa yake sato, ndiye aliyekuwa mwenye ziwa.

Usirudie

Kuzuia ni kuwa na jinsia moja tu. Jike akibaki peke yake bado anaweza kutaga, na mayai hugeuka meupe siku ya pili, yatoe, basi. Dume wangu alikwenda kwa jamaa mwenye tangi la samaki wakubwa, ambako naambiwa amepata wa kumweka adabu. Jike nimebaki naye. Kifuu nilikitoa, sasa anataga kwenye kioo cha nyuma, anayapepea saa ishirini na nne kisha anayala. Gapi waliobaki ni sita, mikia imeota tena, na hulala palepale chini kilipokuwa kifuu.